Ng'ombe wa Sita Waliokuwa Mtandaoni

Jumamosi, tarehe kumi na tano Novemba. Asubuhi kulikuwa na upepo wa vumbi, ule unaofungua milango isiyofungwa vizuri. Mchana mawingu yalijikusanya upande wa mashariki, yakatutia moyo, kisha yakapita zao kuelekea Maswa bila kudondosha hata tone.

Leo mume wangu ameniuliza jambo dogo nikashindwa kumjibu. Amenunua laptopu ya mtu wanayefanya naye kazi pale kiwanda cha kuchambua pamba, na alishamwahidi binti yetu Minza kwamba ikifika atamnunulia gemu. Swali lake lilikuwa hili tu: gemu ainunue kwa kuishusha mtandaoni, au amwagize mtu anayekwenda Mwanza amletee CD? Akaiwasha huku anauliza. Ilikuwa haijawashwa siku nyingi, na feni yake ilipoanza kuzunguka ikatoa ile harufu ya vumbi lililopata moto. Ni harufu kama ya shuka iliyopigwa pasi ikiwa haijafuliwa. Nikasema nakwenda kuangalia jikoni, wala jikoni hakukuwa na kitu. Nimekaa kule mpaka aibu ikapungua kidogo, na sasa naandika, ingawa sina hakika kama haya ni mambo ya kuandikwa.

Chumba cha kaka yangu Sita kilikuwa kinanuka hivyo.

Sita alikuwa na ugonjwa wa seli mundu. Mimi jina hilo nimelijua ukubwani. Nyumbani tulisema tu "miguu ya Sita imeanza," na mimi kwa akili ya kitoto niliamini maumivu ni mdudu anayekaa kwenye miguu ya mtu asiyetembea sana. Kwa hiyo alipokuwa amelala akigugumia, mama akimkanda kwa maji ya moto, mimi nilikuwa namwona mvivu. Kama angechunga ng'ombe kama watoto wengine wa kiume, nilijiambia, huyo mdudu angetoka. Sikujua kwamba alishachunga, akiwa mdogo, na mvua moja ya jioni ilimpeleka hospitali wiki nzima. Baada ya hapo baba hakumpa tena fimbo. Kwa nyumba kama yetu, pembeni ya mji wa Bariadi lakini mioyo yote iko Nkoma alikozaliwa baba, mtoto wa kiume asiye na ng'ombe wa kuchunga ni kama mgeni asiyejua akae wapi.

Alipomaliza kidato cha nne akapata kazi kwenye steshenari ya Mama Joyce, karibu na ofisi za halmashauri. Kazi ya kukaa: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti vya watu wanaoomba ajira. Mama Joyce alimwachia laptopu yake ya zamani, na kwa kadi ya benki ya Mama Joyce huyohuyo Sita akanunua gemu. Alikuwa nazo tatu au nne, lakini aliyoipenda ni ya shamba. Ndani yake kulikuwa na matrekta, mahindi, uzio, na ng'ombe weusi wenye mabaka meupe waliokuwa wakitembea polepole na kuinama kula. Kila ng'ombe alimpa jina la ng'ombe wa kwetu. Hata yule mwenye pembe moja iliyoangalia chini alimtafutia anayefanana naye, akakosa, akampa mwingine jina lake hivyohivyo.

Siku baba alipowaona ng'ombe hao mara ya kwanza nilikuwepo, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisimama mlangoni na kijiti chake cha mswaki mdomoni, akaangalia kwa muda mrefu jinsi anavyoangalia ng'ombe mnadani, yaani bila kuonyesha kama anapenda. Akauliza hawa ni wa nani. Sita akasema ni wake. Akauliza ukizima hicho chombo wanalala wapi. Sita akamweleza kwamba hawakai humu. Wapo kwa wenye gemu, huko mtandaoni, na wanatunzwa kwa jina lake. Hata kompyuta hii ikifa, atachukua nyingine, ataandika jina lake na neno lake la siri, na wote watakuja.

Baba akatoa kijiti mdomoni. "Kumbe umebilisa," akasema, akacheka, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka kwenye chumba kile.

Kwa asiyejua: kubilisa kwetu ni kumpelekea mtu ng'ombe wako akutunzie kwake. Anayetunza anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe ni wako, na ndama ni wako. Hakuna kuandikishana. Kuna watu wanaojua, basi. Ukifa, ndugu zako wanakwenda kwa mtunzaji wakiwa na shahidi, wanasimama, wanaeleza msiba tangu mwanzo wake, na ng'ombe wanarudi nyumbani. Nataka nimtendee haki baba yangu: hakuwa mjinga. Alijua kabisa kwamba zile ni picha. Alichokiona ni mwanaye aliyekosa fimbo ya kuchungia, amejipatia ng'ombe, na amewaweka kwa watu. Tangu siku hiyo akawa anamuuliza jioni, "Wako wameshibaje?" na Sita anajibu wameshiba, baba.

Aliyempinga Sita alikuwa Kulwa, mwenye banda la gemu kule karibu na stendi. Kulwa alikuwa na CD zake kwenye boksi la viatu, na alipenda kuja nyumbani Jumapili kumchokoza. Alimwambia gemu ni kitu cha kushika. CD unaazima, unauza, unampa shemeji yako akuheshimu. Wewe mwenzangu umenunua nini, umenunua hewa. Bando likiisha, ng'ombe wanakufa njaa. Sita naye alikuwa na majibu. Alimuuliza ni CD ngapi kwenye boksi lile ambazo bado zinasoma. Vumbi la Bariadi limeshazila zote, ndiyo maana unazisugua kwa dawa ya meno. Na ile ya mpira uliyouziwa Mwanza, ilipofunguliwa si ilikuwa na nyimbo za kwaya? Kulwa alicheka mpaka akakohoa, akasema lakini kwaya yenyewe ilikuwa nzuri. Mimi nilimpenda Kulwa kwa sababu alikuja na karanga. Nilimuunga mkono yeye kila mara, bila kuelewa hata nusu ya walichobishania.

Kiangazi kile, pamba ikiwa imeshapimwa, miguu ya Sita ilianza, kisha kifua. Walimpeleka hospitali alfajiri na pikipiki, amekaa katikati ya dereva na baba. Sikumwona tena akiwa anaongea. Hilo nitaliacha hivyo.

Nitakachoeleza ni mambo ya baada ya mazishi. Wengine hunyoa mapema, siku chache tu, maisha yakaendelea. Baba alishika mila ya babu yake: mwenye msiba hanyoi kichwa mpaka kila kitu cha marehemu kilicho nje kirudi nyumbani, na kabla ya kunyoa nyumba hiyo haipandi mbegu. Basi tukaanza kukusanya. Shati lililokuwa kwa fundi cherehani likaja. Baiskeli iliyoazimwa ikaja ikiwa na tairi jipya, maana aliyeazima aliona aibu kurudisha bovu. Na asubuhi moja tukasikia kengele ya ng'ombe uani. Alikuwa ni Mzee Jilala kutoka Nkoma. Baba alikuwa amemwekea Sita mtamba mmoja kwa Jilala, zamani, wala sisi watoto hatukuwa na habari. Jilala alikuwa amesikia msiba, hakungoja kufuatwa. Alikuja naye kwa miguu, na nyuma yake ndama ambaye hata baba hakumjua. Angeweza kumficha yule ndama. Hakumficha. Baba alimshika mkono muda mrefu, wote wawili wakiangalia chini.

Kilichobaki ni ile laptopu. Ilikuwa imebaki steshenari; Mama Joyce aliirudisha mwenyewe, imefungwa kwenye khanga, lakini ilikuwa inadai neno la siri na hakuna aliyelijua. Baba akaipeleka kwa fundi. Fundi akaifungua kwa namna wanayojua mafundi, yaani alifuta kila kitu. Iliporudi iliwaka vizuri sana, na ndani haikuwa na kitu. Mama alipoona hivyo akasema basi, yamekwisha, nyoa kichwa. Mawingu yalikuwa yameanza. Majirani walikuwa wameshalima, wengine wameshapanda pamba, na shamba letu limekaa na mabua ya mwaka jana yaliyotakiwa kuchomwa zamani. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, lakini jioni ile alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Baba Sita, mvua haisubiri kichwa cha mtu."

Nadhani baba angekubali. Ila Kulwa alikuwa amekuja kutusalimia, na kwa nia njema kabisa akasema gemu za Sita hazijafa. Zipo kule kwa wenyewe, zimetunzwa kwa jina lake. Ni mlango tu hatuna ufunguo. Baba akageuka.

"Wametunzwa?"

"Wametunzwa, mzee. Wapo kama walivyo."

"Basi tutawafuata," baba akasema. "Jilala alikuja bila kuitwa. Hao hawajasikia msiba, hawana kosa. Tutakwenda kuwaambia."

Mama aliinuka akaenda ndani. Na mimi, ambaye nilikuwa darasa la sita na nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza, na nilikuwa nimejisifu kwa hilo kwa kila mtu aliyekubali kusikiliza, niliambiwa nitakuwa msemaji.

Tulikwenda steshenari kwa Mama Joyce mchana. Baba alikuwa amevaa rubega yake, shuka ya kufungwa begani, na katambuga za tairi, nywele zimechomoza chini ya kofia na ndevu za kijivu ambazo hakuwa nazo kabla. Jilala, aliyekuja kuwa shahidi, alivaa hivyohivyo, wote na fimbo. Kule Nkoma hivyo ni kuvaa kwa heshima. Lakini Bariadi ilikuwa imeshakuwa makao ya mkoa, maofisa wamekuja kutoka kila mahali, na mimi nilikuwa nimeanza kuona mavazi ya nyumbani kwetu kwa macho ya watoto wao. Nilitembea mbele kidogo, kama mtu anayekwenda dukani peke yake. Jilala akaniita, "Mayu, taratibu, sisi ni wazee." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na wazee huwaita hivyo watoto wa kike kwa upendo. Nilipunguza mwendo, lakini siyo sana.

Kwenye steshenari kulikuwa na wanafunzi wa sekondari wawili wakitoa kopi, na kwenye kiti cha pembeni alikuwepo Neema, msichana wa darasani kwetu ambaye baba yake alikuwa ofisa na ambaye alitokea shule ya Kiingereza huko alikotoka. Mama Joyce alitupokea vizuri. Alikuwa ameshapata mahali pa kuwaandikia wale wenye gemu, akanipa kiti. Nikadhani baba atasema kwa kifupi. Badala yake alisimama katikati ya chumba, Jilala kulia kwake, akaanza jinsi inavyotakiwa mbele ya mtunzaji: yeye ni nani, baba yake nani, ametoka wapi, alipata watoto wangapi, Sita alizaliwa lini, mvua ipi ilimpeleka hospitali mara ya kwanza. Mashine ya kopi ilikuwa inaunguruma, naye alikuwa anapaza sauti ili apite juu yake. Alieleza mpaka pikipiki ya alfajiri. Alieleza kwamba hawadai maziwa wala samadi. Wanaomba tu ng'ombe warudi.

Kiingereza changu cha kwanza darasani kilitosha sentensi chache. Neema aliinama nyuma ya bega langu, akanisahihisha neno la kifo mara mbili kwa sauti ya upole, na upole wake ulinichoma kuliko kicheko. Nataka niwe mkweli hapa: hakuwa mbaya. Alikuwa anasaidia. Ila masikio yangu yalikuwa yamewaka moto. Kwenye nafasi ya jina niliandika jina kamili la Sita, maana nilielewa wanauliza ng'ombe ni wa nani. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Kila mlango unaodai jina, niliona unamdai mwenye mali.

Jibu lilikuja kabla hatujainuka. Leo najua ni mashine inayojibu kila anayeandika, lakini siku ile hata Mama Joyce alishtuka. Baba akasogea.

"Wanasemaje?"

Nilianza kusoma kimoyomoyo.

"Soma kama ilivyo, mayu. Usipunguze."

Nikasoma, kisha nikageuza kwa Kiswahili, polepole. "Wanasema, habari yako Sita. Tumefurahi kukusikia."

Wale wanafunzi walicheka. Siyo kicheko kikubwa, ni kile cha puani. Jilala aliniuliza kwa Kisukuma kama wanamwona Sita. Baba alikuwa amevua kofia. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na kioo, nikaona mwanga wa bluu kwenye ndevu zake, na akaitikia salamu ile kwa niaba ya mwanaye, kama mtu anavyoitikia barabarani mchana. "Mwadila," akasema. Akasubiri. Akasema tena, chini zaidi. "Mwadila."

Kilichotoka mdomoni mwangu nilikitoa kwa Kiswahili cha shule, kwa sauti, ili kifike pale alipokaa Neema. Nilisema, "Baba, hiyo ni mashine tu. Haisikii."

Baba alijiinua. Hakukasirika, na natamani angekasirika.

"Najua, mayu," akasema. "Najua ni mashine. Lakini aliyesalimiwa si mashine. Na salamu haiachwi chini."

Tulirudi kwa njia ya nyuma ya soko, sijui nani aliichagua. Jilala alijaribu kuzungumzia malisho. Nilitembea nyuma yao sasa, nikiangalia visigino vyao vilivyopasuka, na nilihisi kitu kizito ambacho sikuwa na jina lake. Nilidhani ni aibu kwa ajili ya baba, kwa jinsi alivyoonekana. Ilinichukua miaka kujua kwamba aibu ilikuwa imebadilisha upande wakati naiangalia.

Siku chache baadaye Mama Joyce aliandika upya, kwa usahihi, akieleza kwamba Sita amefariki na anayeomba ni baba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nimeharibu kwa kuandika jina la marehemu, kwamba wangejua ukweli wangewarudisha. Kwa hiyo nilienda tena na baba na Jilala kusikia jibu. Safari hii aliyejibu alikuwa mtu, maana alituma pole, na pole yenyewe ilikuwa nzuri. Mama Joyce alitusomea. Gemu alizonunua Sita haziwezi kuhamishiwa mtu mwingine yeyote, hata kama mwenye jina amefariki. Hakuuziwa kitu cha kurithiwa. Alipewa ruhusa ya kucheza, na ruhusa ilikuwa ya kwake.

Kwa hiyo jina nililoandika halikuharibu kitu. Nilipaswa kufurahi, na kidogo nilifurahi, na hata hilo lilinitia aibu.

Jilala alipiga fimbo sakafuni. Alisema amechunga ng'ombe wa watu tangu ujana wake, na mtunzaji anayekataa kurudisha kwa wafiwa ana jina lake. Baba alimuuliza Mama Joyce kama Sita aliambiwa hivyo toka mwanzo. Mama Joyce, mwanamke wa haki, hakumpendelea mtu. Akasema mzee, imeandikwa. Ni maneno mengi na watu hawasomi, lakini imeandikwa, na huwezi kununua mpaka ubonyeze kwamba umekubali.

"Sita alibonyeza?"

"Alibonyeza, mzee. Nilikuwa nimekaa hapa."

Baba akatikisa kichwa polepole. "Basi Jilala, hawajaiba," akasema. "Mwanangu aliongea nao mwenyewe kama mtu mzima, wakakubaliana. Kama Sita alikubali, mimi ni nani nikatae?"

Nilikuwa nasubiri ahuzunike. Lakini alitoka pale akiwa amenyooka kuliko alivyoingia. Nikiwa mtoto sikuelewa kabisa. Nilidhani ameshindwa na anaficha. Sasa nadhani, ingawa naweza kuwa nakosea, kwamba pale ndipo alipopewa kitu cha mwisho cha Sita kilichokuwa nje. Alikuwa amemjua mwanaye kama mtu wa kubebwa. Kumbe alikuwa na neno lake huko duniani, na neno hilo lilikuwa bado linashika, hata kama lilishika dhidi yetu.

Jioni ile Jilala alimnyoa baba kwa wembe, nyuma ya nyumba, mama akimwagia maji kutoka kwenye kata. Nywele zilidondoka za kijivu kwenye udongo mkavu. Kesho yake asubuhi tulichoma mabua, na kesho kutwa tulipanda.

Ninajaribu kuwa wa haki kwa kila mmoja. Sita alisema kweli: CD moja aliyowahi kupewa na Kulwa tulibaki nayo, tunaishika, tunaigeuza juani inatoa rangi, na haisomi. Kulwa naye aliibiwa boksi lake lote la viatu na banda likafungwa; angekuwa amenunua kwa njia ya Sita, asubuhi ile ile angeandika jina lake akazipata. Na Kulwa naye alisema kweli, kwamba usichoweza kumpa mtu si chako. Sijui nani alishinda. Kitu nisichoweza kukifanyia haki ni ile sentensi yangu ya steshenari. Baba yupo, amezeeka, amerudi Nkoma, na kila nikienda kumsalimia nakaa naye jua linazama tunaongea bei ya pamba. Mara nyingi nimetaka kuitaja. Naogopa nitakuwa naomba anifariji, na hiyo itakuwa kumtwisha mzigo mwingine. Au labda hakumbuki, na mimi ndiye ninayejipa umuhimu.

Leo nilipotoka jikoni nilimweleza mume wangu yote, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Alisikiliza mpaka mwisho na mikono juu ya magoti. Kisha akauliza, kwa upole, "Sasa ninunue ipi?" Nikacheka, maana lilikuwa swali la haki. Tukaigeuza ile laptopu tukaona haina hata mahali pa kuingizia CD. Nikasema basi shusha. Ila kabla hujalipa nitamwambia mtoto ukweli.

Nikamwita Minza, nikamweleza kwamba gemu hii tunailipia lakini haitakuwa yake. Hataweza kumpa binamu yake, wala kumwachia mdogo wake akikua. Wenyewe wanampa ruhusa tu ya kucheza.

"Kama vitabu vya shule?"

"Kama vitabu vya shule."

"Lakini vile tunarudisha mwisho wa mwaka."

"Hii hurudishi. Ipo kwao siku zote. Ni wewe tu unayeingia."

Alifikiri, akijikuna goti. "Basi nitacheza sana," akasema, akaenda kunawa mikono.

Jioni tumekula ugali na nsansa, majani makavu ya kunde, yaliyoungwa kwa karanga. Minza ameongeza mara mbili.